Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mkutano Mkuu wa Mwaka, Tanga

Ndugu wanachama, asalaam aleikum na Bwana asifiwe. Mliofika ahsanteni sana, na mliotuma udhuru kwenye gurupu la wasap wakati watu washakaa kwenye viti nao tumewasoma. Daftarini tupo walimu wa sayansi, mainjinia na mafundi sanifu 64, hapa ukumbini naona hatuzidi 20 na wengine naona jicho liko kwenye kreti la soda.

Shughuli za mwaka sitazirefusha maana mnazijua. Semina ya walimu wa fizikia ilifanyika, vifaa vya maabara vimegawiwa, ziara ya wanafunzi kiwanda cha saruji Pongwe ilienda salama, miti tumepanda na mbuzi wameila. Hesabu kwa jumla, tumeingiza kama milioni 2 na laki 3, imetoka milioni 2 na ushee, karatasi anazo mweka hazina.

Sasa nije kwenye lile lililozungumzwa kuanzia Ngamiani mpaka Chumbageni, kwamba mwenyekiti kakataa cha bure kanunua cha pesa. Ni kweli, kwa ile siku ya taaluma kulikuwa na kijana wetu wa hapahapa, daktari wa uhandisi, anafundisha chuo kikuu, alikuwa tayari kuja bure na angelala kwao. Mie nikasema safari hii hapana, kamati ikaridhia, tukamleta mhadhiri mwanamke wa uhandisi ujenzi kutoka Dar, nauli na gesti na posho ikafika kama laki 4 na nusu, na ndiyo, ni ile iliyotengwa kwa pilau letu la mwisho wa mwaka. Kelele zote hizi ukizichimba mpaka chini utakuta pilau.

Yule kijana sina neno naye, msomi mzuri. Ila toka umoja huu uanze tumeleta wanaume tu, na wasichana wanakaa viti vya nyuma wanapiga makofi basi. Safari hii waliokuwepo waliona wenyewe. Mama wa watu kaja na ile koni ya chuma ya kupimia ulaini wa zege bichi, kavaa baibui lake, kakunja mikono, akamwita binti mmoja wa kidato cha tatu ajaze zege tabaka tatu, kila tabaka lishindiliwe kwa fimbo ya chuma mara 25, halafu koni inyanyuliwe taratibu wima bila kuyumba. Ya kwanza ikaanguka upande, vijana wakacheka. Binti hakuondoka, akasema "madamu narudia", akarudia, zege likashuka sawasawa, likapimwa kwa rula likapita. Baada ya hapo foleni ya wasichana ikafika mlangoni na wale waliocheka wakawa wanaomba nao washike. Gari lililobeba mchanga na kokoto lilikuwa langu na mafuta yangu, sikuomba kurudishiwa hata shilingi, nataka liingie kwenye kumbukumbu.

Kuna mkubwa wangu mmoja kasema sayansi haina mke wala mume, aangaliwe mwenye uwezo. Maneno mazuri, ila watu washayapima. Mwaka 2012 watafiti Marekani waliwapelekea wahadhiri wa sayansi 127 maombi ya kazi ya kusimamia maabara, sivii ni ile ile neno kwa neno, nusu imeandikwa John nusu Jennifer. John akaonekana ana uwezo zaidi, akapendekezewa mshahara wa dola 30,238 kwa mwaka, Jennifer 26,508. Na wahadhiri wanawake nao walimpunja Jennifer vilevile, kwa hiyo msidhani nawasema wanaume peke yao.

Na huko MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani ambacho kila injinia hapa anakiota, mwaka 1994 kitivo cha sayansi kilikuwa na wanawake 15 wenye ajira ya kudumu kwa wanaume 194. Profesa Nancy Hopkins, mtu wa baiolojia, alichukua futi kamba akawa anapima vyumba vya maabara kimoja kimoja, maana alipolalamika kwamba chake kidogo hakuna aliyemwamini. Ripoti ikatoka 1999 na mkuu wa chuo akakubali kwamba tatizo lipo. Futi kamba jamani, si maandamano.

Mwingine kaniuliza mambo ya weusi wa Marekani ninayoyatolea mfano yanatuhusu nini sie tulio weusi wote. Profesa Donna Nelson wa kemia, Chuo Kikuu cha Oklahoma hukohuko Marekani, mwenyewe ana asili ya Wahindi Wekundu, aliziandikia idara 50 kubwa za kila fani akitaka idadi ya walimu kwa jinsia na kwa rangi, akakuta mwanamke mweusi kwenye idara nyingi hayupo kabisa. Linatuhusu hivi, nawarudisha nyumbani. Chuo chetu cha Dar kilipoanza 1961 wahadhiri wengi walikuwa wageni, wazungu. Serikali ikapeleka vijana kusoma kwa makusudi warudi washike nafasi zile, na wengine wenu mmefundishwa na hao hao. Hakuna aliyesema tusubiri mpaka wajitokeze. Sasa iweje ikifika zamu ya wanawake tunaambiwa subira? Profesa Verdiana Masanja, Mtanzania mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa hisabati, kaupata miaka ya 1980 huko Berlin, uhuru ushakuwa mtu mzima. Na ngazi yenyewe mnaijua, kuajiriwa tu mkufunzi msaidizi unatakiwa GPA, yaani wastani wa alama za digrii ya kwanza, ya 3.8, halafu masta, halafu pieichidii, yote yanaangukia miaka ile ile ambayo binti shangazi zake wanamuuliza harusi lini. Wakimzaba maswali hayo na hajawahi kumwona aliyepita njia hiyo, ataacha.

Basi mie pilau nimeliuza kwa hilo na sina ninachojutia, na mwakani mkinirudisha nitafanya hivyo hivyo.

Tuje kwenye ada, hapa ndipo panaponiuma. Waliolipa hawafiki 25. Elfu ishirini kwa mwaka mzima, mtu anatumia zaidi ya hiyo kwa vocha, lakini kwenye kulaumu matumizi ndio wa mbele. Nimepitia daftari, wanne waliopiga kelele kuliko wote kuhusu ile laki 4 na nusu hawana risiti hata ya mwaka juzi. Majina sitaji, wapo wamekaa karibu na feni. Na wanachama wetu wanawake, mpo 11, leo naona wawili, sasa mkutano wa kuwatetea tunatetea viti?

Mipango ya mbele, Inshallah tutaangalia uwezekano wa kambi ya hesabu kwa wasichana likizo ya Juni, na kwa kuwa Chuo Kikuu cha Mzumbe wana mradi wa kampasi Mkinga tutajaribu kuonana nao tukijaaliwa. Na pilau litarudi mfuko ukiruhusu. Ada anapokea mweka hazina hapo mlangoni, na mwenye hoja ya kukagua vitabu aje na risiti yake mkononi.