Saketi iliyobuniwa na kompyuta ipimwe zaidi ya chipu moja

Ndugu Mhariri,

Vijana wengi wa vyuo vya ufundi wanataka kujaribu kubuni saketi kwa njia ya mageuko: kompyuta inazalisha michoro, inaipa alama, inachanganya iliyo bora, inabadilisha vipande kwa bahati nasibu, kizazi baada ya kizazi. Njia inafanya kazi. Mtego uko kwenye alama.

Mwaka 1996 Adrian Thompson wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, alitumia kona ya seli 100 (vijisehemu vidogo vya saketi) za chipu ya Xilinx XC6216, ambayo viungo vyake vya ndani hupangwa upya kwa programu, kutafuta saketi ya kutofautisha milio ya hezi 1,000 na 10,000. Mchoro mmoja ulikuwa biti 1,800, kizazi kimoja michoro 50, na hakuweka saa, yaani mapigo ya kuratibu hatua za chipu. Baada ya vizazi elfu kadhaa saketi ilitofautisha milio bila kukosea. Ilipohamishiwa eneo jingine la chipu ileile, ikayumba. Joto likibadilika, vilevile. Ajabu zaidi, zilikuwapo seli zisizounganishwa na njia ya kutolea ishara, lakini ukizizima, saketi inaharibika! Mageuko yalishika tabia za kipande kile cha silikoni, kwa sababu alama zilitolewa hapohapo tu. Baadaye Thompson mwenyewe alihamia kupima kwenye chipu kadhaa zenye joto tofauti.

Anayeanza aanze na kichujio cha kupitisha masafa ya chini ndani ya ngspice, programu ya kuigiza saketi kwenye kompyuta. Thamani zibaki kwenye mfululizo wa dukani: 10, 12, 15, 18, 22 na kuendelea, la sivyo utaletewa kapasita ya nanofaradi 13.74. Nodi, yaani makutano ya vipuri, iliyozungukwa na kapasita pekee hukwamisha hesabu, kwa hiyo funga rezista ya gigaomu 1 kutoka kila nodi hadi ardhi ya saketi. Mchoro ukishindikana hata hivyo, upe alama mbaya kuliko zote, programu iendelee.

Saketi hunenepa vipuri, hivyo kata alama kwa kila kipuri cha ziada. Lakini usianze mapema: ukikata tangu kizazi cha kwanza utapata waya mtupu, maana waya hupitisha masafa ya chini vizuri sana na hauna kipuri hata kimoja. Mwishoni yumbisha kila thamani asilimia 5 juu na chini, mara 20 hivi kwa kila mchoro, na uhesabu tokeo baya kuliko yote, si wastani.

Msomaji wako,
Fundi elektroniki