Harambee ya kompyuta nane, ili sura zetu zitoke kama zilivyo

Kwa wazee wetu, akina mama na vijana wa Kisauni, na kwa ndugu zetu mlioko Muscat, Doha na Jeddah: pokeeni salamu nyingi kutoka kikundi cha vijana wa mtaa wenu. Tunawaomba mchango ili tuwafundishe vijana wetu kuhariri picha kwa kompyuta.

Mwaka jana alifariki nyanya mmoja ambaye nusu ya mtaa huu ilikuwa ikila mahamri yake asubuhi kabla ya kwenda shule. Familia ilikuja kwetu kutaka kijitabu cha ibada ya mazishi, kurasa nane za A4, na picha yake ijae jalada. Kazi akapewa kijana wetu mmoja, mwenye bidii na simu nzuri. Aliitoa picha kwenye wasifu wa WhatsApp wa mjukuu, akaipitisha kwenye programu ya simu ya kulainisha uso, akaivuta mpaka ikajaa ukurasa, kisha akaipeleka kuchapishwa.

Asubuhi ya maziko binti yake wa kwanza alipokea kijitabu, akakitazama, akasema, "Huyu si mama." Na kweli hakuwa yeye. Ngozi ilikuwa imepaushwa na mikunjo imefutwa. Lile kovu la mafuta ya moto kwenye shavu la kushoto, ambalo kila mtoto wa hapa alilijua, halikuwepo. Uso ulikuwa umerefushwa kuliko wake, na kingo zake zimekatikakatika kama ngazi. Tuliomba radhi na tukarudisha pesa, lakini vijitabu vilikuwa tayari mikononi mwa watu.

Kijana yule hakuwa mzembe. Alifanya alichokijua, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba anajua vya kutosha. Tangu siku hiyo sijaacha kulifikiria jambo hili, na ndiyo sababu nawaandikia leo.

Niruhusuni nieleze kosa lilikuwa wapi, kwa kuwa ndilo tunalotaka kuwafundisha vijana walione kabla halijatokea. Picha ya kompyuta ni vijisanduku vya rangi vilivyopangwa, yaani pikseli. Ile ya WhatsApp ilikuwa na pikseli 640 kila upande. Ili chapa itoke safi, karatasi huhitaji pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha ile ilitosha eneo la inchi mbili na kidogo tu, kubwa kidogo kuliko picha ya pasipoti. Ukurasa mzima wa A4 unataka pikseli 2,480 kwa 3,508. Sisi tuliinyoosha hadi zikabaki kama 77 kwa inchi kwa upana, na kama 55 kwa urefu. Pikseli ambazo hazikuwemo tangu mwanzo hazirudi kwa kubonyeza kitufe.

Baadaye tuliifanya kazi upya bila malipo, kwa ajili ya ibada ya ukumbusho. Binti alituletea picha ya karatasi iliyopigwa studio miaka mingi iliyopita, inchi 4 kwa 6, imekunjika katikati na ina madoa ya unyevu. Tuliazima skana, tukaiskani kwa pikseli 600 kwa inchi. Ikatupa 2,400 kwa 3,600, karibu sawasawa na A4. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Mstari wa mkunjo tuliuziba polepole kwa kunakili ngozi ya jirani yake, tukiifanya kazi hiyo kwenye tabaka la juu, kama karatasi angavu iliyolazwa juu ya picha, ili picha ya asili ibaki chini bila kuguswa. Rangi ya manjano ya uzee wa karatasi tuliipunguza kidogo kidogo mpaka kitambaa chake cheupe cha kichwani kikawa cheupe tena. Kovu tuliliacha. Tulikesha mara tatu, kwa sababu kompyuta tuliyonayo ni moja, na vijana waliotaka kuona kila hatua walikuwa 14, wamesimama nyuma ya kiti kimoja.

Siku ya ukumbusho binti yule aliiweka picha ile juu ya meza, akasimama mbele yake kwa muda mrefu. Hatukumwuliza neno.

Wengi mtasema simu zinatosha. Chukueni mfano wa harusi zetu. Mita ya mwanga iliyo ndani ya kamera haitambui kanzu wala buibui. Hukadiria tu kwamba vyote vilivyo mbele yake vikichanganywa vitatoa kijivu cha wastani. Bwana harusi akisimama na kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa, kamera huona mwanga umezidi, huupunguza, na uso wake mweusi huzama gizani. Shangazi mwenye buibui jeusi akisimama mbele ya mlango wa mbao nyeusi, kamera huongeza mwanga, na uso wake hupauka. Simu za siku hizi hutafuta uso kwanza, lakini jua la saa saba mchana hapa Mombasa bado linazishinda mara nyingi.

Anayeanza huongeza mwanga wa picha nzima. Uso huonekana, ndiyo, lakini kanzu huungua ikawa doa jeupe, na darizi za shingoni alizozishona fundi kwa wiki nzima zinapotea. Aliyefundishwa hufanya vingine. Hunyanyua mwanga kwenye tabaka la pili, kisha analiwekea kifuniko: panapopakwa nyeupe pabadilike, panapopakwa nyeusi pabaki kama palivyo. Hupaka nyeupe usoni na mikononi tu. Kijana akilielewa hili, ameacha kutegemea vichujio vya simu vilivyotengenezwa na watu wasioijua ngozi yake. Kwangu mimi hili ni jambo la heshima ya watu kabla halijawa jambo la riziki. Riziki nayo ipo: picha za pasipoti, kadi za harusi, mabango ya maduka, vijitabu vya mazishi. Kazi hizi zinatoka mtaani kwetu kila wiki na kuvuka daraja la Nyali kwenda kufanyiwa mjini.

Tutafundisha kwa GIMP. Ni programu ya kuhariri picha iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mpaka leo hutolewa bure kwa mtu yeyote. Toleo lake la 3.0 lilitoka Machi 2025. Photoshop, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, ni nzuri na hatuipingi, ila tangu 2013 kampuni yake iligeukia kuikodisha kwa mwezi, na malipo hayo kijana anayeanza hayamudu. Nakala za wizi hatutaziingiza chumbani mwetu, kwa sababu ni wizi na kwa sababu mara nyingi huja na virusi. Aliyeshika matabaka, vifuniko na mwanga kwenye GIMP atahamia programu nyingine baadaye bila taabu kubwa.

Mafunzo yatakuwa Jumamosi kumi, asubuhi, katika chumba tulichopewa na wazee wa mtaa bila kodi. Wiki mbili za kwanza hakuna kupamba kitu: ni kukata picha bila kuiharibu, kujua ukubwa wake, na kuihifadhi. JPEG, aina ya faili la picha inayotumika sana, hutupa sehemu ya picha kila unapoihifadhi upya, kwa hiyo kila mwanafunzi ataweka kazi yake kwa XCF, faili la GIMP lenyewe, na kutoa JPEG mwishoni tu. Walimu ni watatu kutoka kikundini, na hawatalipwa.

Sasa mahitaji. Kompyuta nane zilizotumika, kila moja shilingi 18,000, ni 144,000. Skana ni 15,000, diski mbili za nje za kutunzia nakala 15,000, na fundi wa umeme pamoja na soketi 12,000. Jumla ni shilingi 186,000. Vijana wenyewe wamechanga hamsini hamsini kila wiki na, pamoja na mkono wa mzee mmoja, wamefikisha 41,000. Zimebaki 145,000, nazo ndizo tunazowaomba.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, baada ya swala ya alasiri, uwanjani mbele ya chumba. Asiye na pesa na ana kompyuta iliyolala nyumbani, ailete hata kama haiwaki. Tunao vijana wa kuitazama. Mlio mbali, namba ya M-Pesa ya kikundi mwombeni mweka hazina kwa mdomo wake, na mkiletewa namba nyingine na mtu mwingine, msitume. Kila senti itaandikwa, na daftari litasomwa mbele ya watu siku ile ile.

Siku hiyo skana ya kuazima itakuwepo. Mwenye picha ya zamani ya mzazi, iliyochanika au kufifia, aje nayo ndani ya bahasha ngumu, asiikunje wala asijaribu kuifuta vumbi kwa kitambaa kibichi. Tutaiskani bila malipo na kumrudishia pale pale.