Wamesema mwanangu amedumaa, nami ndiye ninayepima watoto wa wenzangu

Anti, shikamoo. Nisamehe nikichanganya mambo, ni saa tisa usiku na sijafumba jicho.

Mtoto ametimiza mwaka. Juzi kliniki amesomwa urefu wa sentimita 66.1, nukta kwenye chati ya ukuaji ikaangukia chini ya mstari wa hasi mbili, ule wa kutenga waliodumaa, nesi akasema benchi zima likasikia: huyu amedumaa. Jioni mama mkwe akaniambia, "Ukoo wetu hauna watu wafupi." Mume wangu alikuwa pale anakunywa chai. Akaendelea kunywa chai.

Usinione najitetea. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, chati hiyo ya Shirika la Afya Duniani ya 2006 naijua kama kiganja changu. Msichana wa miezi 12 wastani wake ni sentimita 74, na mstari wa hasi mbili unapita kwenye 68.9. Chini ya hapo tunaandika kudumaa, sibishi. Lakini kadi hiyohiyo, miezi 9, inasema 66.4. Jamani, mtoto anapungua urefu? Kwa miezi ile mitatu anatakiwa aongeze kama sentimita nne. Namba ikirudi nyuma ujue kipimo kimojawapo kimeharibika, unamrudisha mtoto ubaoni kabla hujafungua mdomo.

Na nilikuwepo, niliona. Mtoto chini ya miaka miwili anapimwa amelala, na ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika kichwa, utosi uguse kibao cha juu, macho yatazame juu moja kwa moja. Mwingine anabana magoti yote mawili yanyooke, ndipo anasukuma kibao cha chini mpaka kiguse nyayo, vidole vikiwa juu. Nesi alikuwa peke yake, foleni imefika nje. Alishika mguu mmoja. Goti la pili limekunjwa, kidevu kimeinamia kifuani, mtoto analia. Sentimita mbili zinapotea hivyohivyo. Mimi nilisimama na kadi mkononi wakati nilitakiwa nishike kichwa, na hilo nalo linanikereketa.

Halafu kuna jambo ambalo wote wamelisahau, hata baba yake tuliyehangaika naye wodini: alizaliwa wiki ya 33. Mpaka afike miaka miwili, ukichora kwenye chati unatoa zile wiki saba alizokosa kufikia 40. Juzi basi alikuwa na miezi kumi na kidogo. Kwa miezi kumi mstari wa hasi mbili ni 66.5, kwa kumi na moja ni 67.7. Hata kwa kipimo chao kibovu amepungukiwa chini ya sentimita moja! Baba yake anajua. Alikuwepo. Chai tu.

Usiku huu nimempima mwenyewe akiwa amelala sakafuni, utosi ukutani, daftari la jalada gumu nikalisimamisha kwenye nyayo, nikaweka alama ya penseli kwenye saruji. Nimetumia futi ya chuma, maana ile ya fundi cherehani inavutika. Ya kwanza 68.4. Ya pili alijikunja, 67.6. Vikipishana zaidi ya milimita saba unarudia, nikarudia: 68.3. Nikalia kwa furaha, halafu nikakumbuka kwamba ile siku ya miezi 9 alikuwa na mabutu mawili juu ya utosi. Sikuyafumua. Mabutu yanaweza kuongeza sentimita nzima. Kwa hiyo huenda ilikuwa 65.4, na tangu hapo ameongeza karibu tatu nilipotegemea nne. Basi sijui tena.

Na mimi ni mfupi, sikatai, sentimita 151. Baba yake 180. Ukikadiria urefu wake akiwa mtu mzima, toa 13 kwa baba, jumlisha na yangu, gawa kwa mbili: binti wa 159 au karibu na hapo. Ufupi wangu waliuona siku walipoleta mahari.

Sasa mama mkwe anataka kumchukua Jumamosi, akae naye miezi mitatu, ale uji wa unga wa mchanganyiko: mahindi, soya, karanga, ngano, ulezi, mchele, vyote sufuria moja. Mtoto anakula, Anti. Yai, dagaa wa kusaga, maharage ya kuponda, parachichi, mara nne kwa siku, na bado ananyonya. Ana kilo 8.1, hakuna aliyeuliza uzito. Uji ukiwa mwepesi unajaza tumbo tu. Nimkatalie? Miaka sita sijawahi kumjibu. Nikikataa watasema naficha, nikikubali ndiyo nimekiri, na ziwa atalinyonya wapi?

Kliniki sirudi. Nikimwomba nesi arudie ni kama kumwambia hajui kazi, na ni mwenzangu, Alhamisi tunakaa meza moja. Ila nataka 66.1 ikatwe kwenye kadi, iandikwe namba ya kweli, na wiki ya 33 iandikwe pale juu kwa kalamu nyekundu ili kila atakayeishika aone. Najua haikatwi bila kupima upya. Najua.

Wala sihitaji mume wangu aniombe radhi. Nilitaka tu aweke kikombe chini, aseme, "Mama, huyu alizaliwa kabla ya siku zake." Basi. Mama angemsikia yeye, mimi hanisikii.

Jumamosi ni keshokutwa. Ubao wa kituo naweza kuuazima kesho jioni foleni ikiisha, ila lazima awepo mtu wa pili wa kushika kichwa. Nimwambie mume wangu ndiye aje kushika?