Mashine za kuandaa sampuli zisifungwe kwa muuzaji mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maabara zetu za vinasaba hapa Moshi na jirani zetu wa Arusha.

Mgeni akija maabara huonyeshwa mashine ya PCR, inayonakili DNA mara nyingi hadi iweze kugundulika. Lakini kazi inayokula siku iko kabla ya hapo: kutoa DNA kwenye damu au makohozi. Unavunja seli kwa kemikali, unanasa DNA kwenye silika (kitu cha jamii ya kioo), unaisafisha kwa ethanoli, unakausha, ndipo unaitoa kwa maji kidogo sana. Ethanoli ikibaki, PCR inagoma, na unakuja kujua mwishoni kabisa. Ukifanya kwa mkono, asubuhi nzima inaishia kwenye kufungua na kufunga vichupa, kidole gumba kikiwaka moto kwa kubonyeza pipeti, kifaa cha kunyonya na kudondosha vimiminika. Kila kifuniko kinapofunguliwa, sampuli ya mgonjwa mmoja inaweza kuingia kwenye ya mwenzake.

Kwa hiyo mashine za kufanya kazi hii ya kutoa DNA nazitaka, tena kwa haraka. Zile za sumaku hutumia chembe ndogo zilizopakwa silika. Vijiti vya sumaku huzihamisha kutoka kishimo hadi kishimo, na sahani ya vishimo 96 huweza kukamilika kwa saa moja hivi. Kwenye kifua kikuu faida tumeshaiona. Tangu WHO ilipoidhinisha mashine ya GeneXpert Desemba 2010, mtaalamu huchanganya makohozi na kimiminika chake, husubiri dakika 15, humimina kwenye katriji (kijisanduku kinachoingizwa kwenye mashine), na jibu hutoka kwa takriban saa mbili.

Tatizo ni kufungwa. Mashine nyingi husoma alama kwenye boksi na kukataa kitendanishi, yaani kemikali ya kufanyia kazi hiyo, cha kampuni nyingine. Nimefanya kazi mahali ambapo mashine nzima, isiyo na ubovu wowote, ilikaa imefunikwa kitambaa kwa miezi kwa sababu vitendanishi vyake havikufika, wakati kabatini kulikuwa na vya kampuni nyingine vinavyofanya kazi ileile. Tukarudi kwenye pipeti, na wagonjwa wakasubiri majibu.

Katriji ya kifua kikuu naielewa: kila kitu kimo ndani, na hata kituo cha afya kinaimudu. Maabara ya hospitali ya rufaa au ya chuo kikuu ni habari nyingine. Ina watu wanaoweza kuhakiki kitendanishi kipya kabla ya kukitumia kwa wagonjwa.

Nawaomba wanaoandika zabuni waweke sharti kwamba mashine ipokee vitendanishi vya kampuni nyingine, na kwamba sisi watumiaji turuhusiwe kubadili programu yake, kama muda wa kuchanganya na idadi ya kusafisha. Waulize pia gharama ya sampuli moja kwa miaka 5, pamoja na vyombo vya plastiki vinavyotupwa. Mashine ikitolewa bure, mkataba usomwe mstari kwa mstari, maana mara nyingi bei yake imeingizwa kwenye vitendanishi. Na kwenye kikao hicho aitwe angalau mmoja wetu tunaoshika pipeti.

Mteknolojia wa maabara,
Soweto, Moshi