Barua kwa wanangu mnaouza bia uwanjani

Wanangu,

Jumamosi iliyopita, kwenye mechi ya futiboli ya Kimarekani ya chuo chetu hapa Marekani, nilimkuta mmoja wenu nyuma ya jukwaa la kaskazini akiokota vikombe. Ana miaka 22, yuko mwaka wa mwisho, na asubuhi ile alikuwa amepangiwa kibanda cha bia. Nikamuuliza kulikoni. Akanipa shikamoo kwanza, ndipo akasema: "Babu, nimemkatalia mtu bia." Mtu mwenyewe alikuwa bwana mzima, kavaa koti la wafadhili wa timu, macho mekundu, ameng'ang'ania meza ya kibanda asije akaanguka. Binti alifanya alichofundishwa kwenye semina: aliyekwisha kulewa hauziwi. Yule bwana akapiga simu moja tu. Msimamizi akaja mbio, akamuuzia bia mbili kwa mkono wake mwenyewe, na binti akakabidhiwa mfuko wa taka.

Jambo hili limenikaa kooni siku tano. Na sasa nasikia kwamba wiki ijayo baraza lenu la wanafunzi litaombwa kuunga mkono bia iuzwe hadi robo ya nne, ile ya mwisho ya mechi, badala ya kufungwa robo ya tatu inapoisha. Ndiyo maana nimekaa niandike.

Watawaambia huyu mzee ni mlokole, anachukia pombe. Si hivyo. Nimekagua tiketi lango la tatu la uwanja huu kwa miaka 19, na zama zote mbili, kabla ya bia kuuzwa humu na baada yake, nimeziona kwa macho yangu.

Zama zile za kwanza bia haikuuzwa kwenye viti vya kawaida. Mapumziko yakifika, nusu ya jukwaa la wanafunzi linamiminika kwenda kwenye maegesho. Wana dakika 20 tu, kwa hiyo bia haiwafai, inachelewa. Wanapiga kali, kwenye chupa, wamesimama, kama mtu anayemeza dawa chungu. Langoni kwangu wanarudi wima kabisa, wananitania. Robo ya tatu ikianza ndipo ile kali inapanda kichwani, na machela nazo zinaanza kupita.

Kwa hiyo Chuo Kikuu cha West Virginia kilipoanza kuuza bia kwenye mechi za mpira mwaka 2011, na polisi wake wakasema visa vya ulevi vimepungua, mimi niliwaamini. Hoja hiyo ina kichwa na miguu, msiibeze. Ila isomeni yote. West Virginia walifanya mambo mawili kwa pamoja: waliruhusu bia, na wakafuta ule mtindo wa kutoka nje wakati wa mapumziko na kurudi. Vyuo vilivyofuata vinapenda kutaja bia. Lango hawalitaji. Hapa kwetu bia iliingia, lango likaachwa wazi, kwa sababu wafadhili wana mahema yao maegeshoni na hakuna mkubwa anayetaka kuwaudhi. Matokeo yake sasa kijana anakunywa kali nje, halafu anaingia kushushia na bia ndani.

Nikiwa hapo hapo kwa wafadhili, niseme lililonikera tangu zamani. Ligi ya michezo ya vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani, ile SEC, ilipiga marufuku pombe kwenye majukwaa ya umma hadi mwaka 2019. Majukwaa ya umma, nasema. Vyumba vya vioo kule juu, vya wenye fedha, marufuku haikuwagusa. Uwanja mmoja, mechi moja. Juu watu wanagonganisha glasi, chini mtoto wa watu anatolewa nje kwa chupa ya mfukoni. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba zamani vyuo vilikuwa na maadili, mpelekeni juu kwenye vioo.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo mzizi ulipo.

Vyuo vinatafuta dola kwa tochi. Tangu Julai 2025 vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takribani dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka huo wa kwanza. Walipwe, tena walicheleweshewa sana. Lakini fedha hizo lazima zitoke mahali, na kibanda cha bia kiko karibu. Hatari ninayoiona mimi ni hii: pesa ya bia ikishaandikwa kwenye bajeti kabla msimu haujaanza, siku hiyo hiyo mlevi anageuka kuwa tegemeo la idara. Mtu akimkatalia mlevi kikombe anaonekana anaiibia timu. Binti yangu hakupewa mfuko wa taka kwa sababu msimamizi ni mtu mbaya. Namfahamu, ana watoto, ni mtu wa watu. Alikuwa na makisio ya mauzo mfukoni.

Basi mwaka juzi nilimuuliza afisa mmoja wa michezo swali dogo. Kama bia hii ni kwa ajili ya usalama, kama mnavyotangaza, kwa nini kila senti yake isiende kwenye usalama? Iende kwa washauri wa wanafunzi waliozama kwenye pombe, mabasi ya kuwarudisha watu usiku, wauguzi. Idara ya michezo isiguse hata shilingi. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee, unataka kutufungia mpira?" Nikanyamaza. Jibu nilikuwa nimelipata.

Hilo ndilo swali ninalotaka mlipeleke kwenye baraza. Msiulize kama pombe ni nzuri au mbaya, mtakesha. Ulizeni pesa inakwenda wapi. Chuo kitakachokubali iende kote huko isipokuwa kwenye michezo, mimi mwenyewe nitakiunga mkono kiuze bia. Kikikataa, msikubali kuitwa washirika wa usalama. Nyie ni wauzaji tu, na zamu yenu ilipwe kama ya wauzaji.

Na hilo la robo ya nne likataeni bila kumung'unya maneno. SEC walipofungua mwaka 2019 waliweka mipaka: bia na mvinyo tu, kikomo cha vikombe kwa mara moja, hakuna wachuuzi wanaopita kwenye viti, kitambulisho kila kibanda, na mauzo kukoma mwisho wa robo ya tatu. Huu wa mwisho una sababu yake mwilini. Ini linasafisha kama kinywaji kimoja kwa saa, halina haraka na wala halisikii kahawa. Aliyenunua viwili dakika za mwisho anaondoka uwanjani navyo damuni, funguo za gari mkononi.

Mengine nayataja kwa mkupuo. Bangili ya karatasi, ile ya waliokaguliwa umri, isiyobana mkono ifungeni upya; zinavuliwa chooni na kupewa wadogo. Aliye chini ya miaka 21, umri wa kuruhusiwa pombe hapa Marekani, ni chini ya miaka 21 hata kama ni bingwa wenu wa kurusha mpira. Msinywe mkiwa zamu. Mwenzenu akizima, mlazeni ubavu, msimwache peke yake, mwiteni muuguzi, na msiogope kwamba ataadhibiwa.

Na sisi wazee tusijifanye malaika. Nani huwasha majiko ya nyama maegeshoni saa tatu asubuhi huku kopo la kwanza limeshafunguliwa? Ni baba zenu na wajomba zenu. Mtoto wa miaka saba amekaa kwenye kiti cha kukunja, anatumwa kwenye sanduku la barafu: niletee moja baridi. Miaka 11 baadaye anafika chuoni, wiki ya kwanza anapewa somo la saa nzima kuhusu madhara ya pombe, Jumamosi anapita mbele ya vibanda vya chuo hicho hicho. Halafu tunashangaa mbona haelewi. Nani angeelewa?

Binti yangu uliyepewa mfuko wa taka, nakujua utasoma. Usijiuzulu. Andika tarehe, saa na namba ya kibanda, umpelekee msimamizi wa msimamizi wako, nakala iende barazani. Mimi niliona mwisho wake, na nitatia sahihi yangu chini ya yako. Jumamosi hii nipo lango la tatu kama kawaida; pitia kabla ya zamu, njoo na kalamu.

Babu yenu wa lango la tatu