Taka za Msimbazi zihesabiwe

Mhariri,

Masika yakishika huko juu kwenye vilima vya Pugu, sisi wa Upanga hatuhitaji kuambiwa. Mto Msimbazi hutuletea ushahidi hadi Daraja la Salenda, unapoingia baharini: chupa za maji, kandambili, nepi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na kwa macho naona imepungua. Lakini macho si mizani. Naomba taka za mlangoni mwa mto zihesabiwe na kupimwa uzito kila mwezi, maji nayo yapimwe bakteria wa kinyesi, kisha majibu yabandikwe ofisi za kata, si kufungiwa kabatini. Mchicha wa bondeni humwagiliwa maji hayo hayo, na sokoni hatuulizi umetoka wapi.

Mkazi wa Upanga,
Dar es Salaam