Masika yakifunga barabara: fungua njia moja nyembamba kwanza, usafi utafuata

Mvua kubwa ikishapita Tanga, watu hutoka na mapanga, majembe na toroli. Baada ya saa mbili mbele ya kila geti pamefagiliwa, na mita 60 mbele mwembe umelala palepale barabarani. Nguvu imetumika, barabara bado imefungwa.

Gari la wagonjwa linalotaka kufika hospitali ya Bombo halihitaji mtaa msafi. Linahitaji upana wa mita 3.5 kutoka lilipo hadi alipo mgonjwa, bila kukatika popote, na mita 4.5 za uwazi kwenda juu ili tawi lisikamate taa za paa. Gari la zimamoto ni zito zaidi na hupinda kwa shida, hivyo sisi tunaofungua barabara kwa malipo tunaliachia mita 4, na kwenye kona zaidi ya hapo. Kila baada ya mita 200 hivi acha sehemu ya magari kupishana, na mwisho wa njia acha uwanja wa kugeuzia. Ambulansi ikirudi kinyumenyume kwenye tope, ndiyo itakayofuata kuvutwa.

Kwa hiyo kazi huanza kwa miguu, kabla ya mashine. Mtu mmoja anatembea njia nzima, anahesabu vizuizi, anafunga kitambaa chekundu kwenye kila kimoja na kuandika: mti, waya, tope, shimo, maji. Kisha tunaanza upande wa barabara kuu, kwa sababu mashine inaingilia huko, taka zinatolewa kupitia huko, na msaada unakuja kutoka huko. Kuanzia katikati kwa kuwa "hapa ndipo pabaya zaidi" ni kujifungia ndani.

Waya uliolala chini uhesabu una umeme, hata kama mtaa mzima uko gizani. Jenereta au sola ya jirani iliyounganishwa vibaya inaweza kurudisha moto kwenye laini. Kaa mita 10 mbali, na usisahau uzio: mti ukilalia waya na seng'enge kwa pamoja, umeme unaweza kutembea kwenye seng'enge hadi nyumba ya tatu. Tunasubiri mafundi wa TANESCO, shirika la umeme, walio pale kwenye tukio waseme laini imezimwa. Aliyepokea simu ofisini hawezi kuthibitisha hilo.

Miti iliyolala

Mti uliosimama una hesabu yake na uliolala una yake, na huu wa pili ndio unaoumiza watu wengi, kwa sababu unaonekana umekwisha kufa. Haujafa. Umejikunja, una nguvu ndani kama upinde.

Angalia gogo limeegemea wapi. Likiwa limeshikwa pande zote mbili na katikati liko hewani, nyuzi za juu zimebanwa na za chini zimevutwa. Ukikata kutoka juu moja kwa moja, gogo linafunga mdomo na kuushika msumeno. Kata juu theluthi moja tu ya unene, kisha malizia kutoka chini kwenda juu. Likiwa limeshikwa upande mmoja na ncha inaning'inia, geuza: theluthi ya kwanza chini, kisha malizia kutoka juu. Likiwa limekunjwa kwa ubavu, kwa mfano limebanwa kati ya nguzo na ukuta, simama upande wa ndani wa mkunjo na uanzie hapo. Upande wa nje ndiko litakakorukia.

Msumeno ukibanwa, usiung'ang'anie kwa kuongeza kasi ya injini. Zima, piga kabari ya plastiki au ya mbao kwenye mkato, uutoe. Kabari ya chuma itang'oa meno ya mnyororo ukigusana nayo.

Mti ulioong'oka na mizizi yake una mtego mwingine. Bamba la mizizi na udongo limesimama wima kwa sababu shina linalivuta. Ukikata shina karibu na mizizi, uzito huo unatoka ghafla, na bamba linaweza kurudi shimoni kwa kishindo. Tunaacha shina la mita 2 hadi 3 kwenye mizizi, na hakuna mtu anayesimama nyuma ya shimo wala ndani yake. Watoto hupenda sana kuchungulia mle.

Kisha kuna uzito. Gogo bichi la mwembe lenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 4 hukaribia tani moja. Vijana sita hawalibebi, wanaumia mgongo tu. Likikatwa vipande vya sentimita 30, kila kimoja kina kilo 80 hivi, na watu wawili wanakiviringisha kama tairi hadi pembeni. Ndiyo maana gari letu la kwanza hubeba misumeno miwili na nondo za kuviringishia, na kijiko, yaani mashine ya kuchimba na kuzoa, kinakuja nyuma. Kijiko bila msumeno kitaburuza mti mzima na kuondoka na nguzo ya simu.

Minazi ni habari nyingine. Shina lake limejaa nyuzi ngumu zinazokula makali haraka kuliko mwembe, na baada ya mafuriko gome hubeba mchanga, ambao ni adui mkubwa zaidi. Mwaga maji au kwangua kwa panga mahali utakapokata. Ishara iko miguuni pako: msumeno wenye makali hutoa maranda manene, ukiona unatoa unga, mnyororo umekwisha. Anayeendelea kukandamiza anachoma bao linaloongoza mnyororo na kuzidisha hatari ya msumeno kumrukia usoni. Kwa siku moja ya minazi tunabeba minyororo minne iliyonolewa kwa kila msumeno.

Kwa anayetaka kutumia msumeno wake mwenyewe: mashine nyingi za sasa hutaka mililita 20 za oili ya kuchanganya kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 100 kwa dumu la lita 5. Soma kitabu cha mashine yako kwanza. Petroli tupu inaua pistoni, na oili ya gari si mbadala. Tangi la pili, la oili ya mnyororo, lijazwe kila unapojaza mafuta. Kofia ngumu, kioo cha uso, vizibo vya masikio, suruali ya kuzuia mnyororo, viatu vyenye chuma mbele. Kandambili tumeziona nyingi mno kwenye kazi hii.

Kuvuta kwa winchi au waya wa chuma: funga kwenye fremu ya gari, usifunge kwenye bampa. Tandika gunia lililoloa katikati ya waya ili ukikatika uanguke badala ya kuruka, na watu wote wakae mbali kuliko urefu wa waya wenyewe.

Tope la mlimani

Wateja wa barabara ya Mombo kupanda Soni hadi Lushoto, na wa Muheza kwenda Amani, shida yao ni tofauti. Kule mlima ndio unaokuja barabarani. Hesabu ya njia moja kwanza haibadiliki, ila kasi inabadilika: kule tunakwenda polepole na hatuoni aibu.

Swali la kwanza ni la watu. Je, kuna yeyote asiyejulikana alipo? Desemba 2023 pale Katesh, tope kutoka Mlima Hanang liliingia mjini likiwa limebeba magogo na mawe, na kutafuta watu kulikwenda sambamba na kuzoa. Jino la kijiko halitofautishi mtu na gogo. Kama kuna mtu hajaonekana, mashine inasubiri neno la Zimamoto na Uokoaji au kamati ya maafa.

Swali la pili ni la mteremko ulio juu yenu. Nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama upande mmoja, maji yanayobubujika pasipokuwa na chemchemi jana, vijiwe vinavyodondoka kimojakimoja: kimoja tu kati ya hivyo kinatosha kusimamisha kazi. Tunaweka mtu mmoja mwenye filimbi ambaye hafanyi kazi nyingine yoyote, na hatuchimbi chini ya mteremko usiku wala wakati mvua inanyesha. Hili huwakera wateja. Halibadiliki.

Kosa la kawaida ni kuchimba kwa pupa pale chini tope lilipoishia. Sehemu hiyo ndiyo inayoshikilia lililobaki juu. Ukiiondoa yote, lingine linateremka. Ondoa kinachotosha kupata mita 3.5, upande wa nje wa barabara, ulio mbali na mlima, na hata huko mashine isisogee ndani ya mita 2 kutoka ukingoni, kwa sababu kingo zilizoloa hubomoka. Kisha fungua mtaro wa upande wa mlima kabla ya kupanua njia. Mtaro ukibaki umeziba, maji yatapita juu ya barabara uliyoifungua na kuila.

Kosa la pili ni kusukumia tope bondeni. Ni rahisi, na kesho yake linazidisha uzito kwenye ukingo wa barabara, linaziba kalavati la chini na kufunika shamba la mtu. Udongo uzolewe. Tope lenye urefu wa mita 12, upana mita 6 na kina cha wastani cha mita 1.5 ni mita za ujazo 108. Ukichimbwa huvimba kama robo, unakuwa 135, yaani safari 14 za tipa la mita za ujazo 10. Udongo uliolowa unaweza kufika tani 1.8 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo tipa likijazwa hadi juu limebeba tani 18. Kama mbele kuna daraja dogo, punguza mzigo na uongeze safari.

Mahali maji yalipopita

Usipitishe gari kwenye maji yanayokimbia. Sentimita 30 zinaweza kuinua gari dogo, na 60 huchukua magari mengi. Tena lami inaweza kuwa haipo chini ya maji hayo. Yakishuka, gonga barabara kwa nondo juu ya kalavati: mlio wa mtungi mtupu maana yake udongo umekwisha liwa na lami imebaki kama chapati. Funga njia hapo.

Kalavati lililoziba husafishwa kwa ndoano ndefu au kijiko kikiwa pembeni. Mtu haingii ndani. Maji yaliyojaa upande wa juu yakifunguka, hayampi nafasi ya kugeuka. Mijini mara nyingi kilichoziba ni vivuko vya zege ambavyo kila mwenye nyumba amejijengea juu ya mtaro kwa kimo chake.

Shimo la mita 4 kwa 4 lenye kina cha mita 1 huhitaji mita za ujazo 16 baada ya kushindiliwa, kwa hiyo agiza 20, tipa mbili. Mawe makubwa chini, kokoto juu yake, kisha moramu (udongo mgumu wa kujengea barabara) kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka lishindiliwe. Tabaka moja nene linaonekana zuri mpaka gari la kwanza lipite. Madaraja yaliyokatika hatuyagusi. Kilichotokea Somanga Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilipokatika, ni kazi ya TANROADS, wakala wa barabara wa serikali.

Kabla ya kutupigia

Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, za mitaa na vijijini ni za TARURA. Tunafanya kazi tukiwa na ruhusa yao, na serikali ya mtaa au kijiji ikijua. Magogo yaliyokatwa hifadhini yanabaki pembeni. Kuyasafirisha kunahitaji kibali cha TFS, wakala wa misitu, na kijana atakayekamatwa na mzigo ni dereva wetu.

Tunatoza kwa saa ya mashine, pamoja na kuileta na kuirudisha. Kijiko cha magurudumu kinajiendesha chenyewe, cha minyororo kinahitaji lobedi, yaani lori la kubebea mashine, na hiyo mara nyingi ndiyo gharama inayowashtua watu. Kwa mtaa wenye miti miwili, misumeno na watu watano vinatosha. Usilipie kijiko.

Tutumie lokesheni kwa WhatsApp, picha tatu za kila kizuizi mtu akiwa amesimama kando yake kwa umbali salama ili tupate kimo, urefu kwa hatua, na kama kuna waya au bomba la maji karibu. Na kama kuna mtu hajulikani alipo, piga 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji, kabla ya kutuandikia sisi, kisha uandike hilo kwenye mstari wa kwanza.